Upande wa Mwanamke

Kisangani, 3 Februari 1964

Mwanangu Nyota,

Kabla ya salamu nakuandikia jambo nililolificha tangu mwaka wa uhuru: asubuhi ile polisi aliponiandikia karatasi ya kosa kwa kukata kona iliyokatazwa, kwenye njia panda ya kwenda bandarini, sikuwa peke yangu ndani ya motokari. Kulikuwa na mwanamke. Nimeliweka juu kabisa ili nisiweze kurudi nyuma, maana najijua. Nikianza na salamu nitafika mwisho wa karatasi bado naulizia hali ya mto.

Sasa salamu. Assalam alaikum wewe, mume wako Benoît, na huyo mgeni mliyempata. Hapa Mwanahamisi, anayenitunza, anakusalimu. Bado anauza mbegu za mbika sokoni na bado anagombana na wanunuzi. Mimi nimekuwa mwepesi kama shati kwenye kamba. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa. Nikamwambia hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo. Hakucheka, ndipo nikaelewa kwamba sina muda mrefu.

Usingizi wangu siku hizi ni wa kidogo kidogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Kila nikifumba macho naiona njia panda ile. Ukungu umetoka mtoni, umekaa juu ya barabara kama maziwa, na katikati yake kuna glavu mbili nyeupe zinazotembea hewani. Ni mikono ya polisi, lakini katika ndoto polisi mwenyewe hayupo.

Unakumbuka jinsi watoto wa mtaani walivyoniita Papa Kona. Niliwaambia wote kwamba sikumwelewa polisi, nikaishia hapo. Sasa nitakueleza. Barabara ya bandarini ilifungwa siku zile kwa mazoezi ya gwaride la uhuru. Polisi alikuwa anazirudisha motokari mjini, akielekeza kwa Lingala: "Loboko ya mwasi! Loboko ya mwasi!" Wewe unajua Lingala kuliko mimi: mkono wa mwanamke ndio kushoto, mkono wa mwanaume ndio kulia. Lakini mimi nilikuwa na mwanamke aliyekaa kulia kwangu. Nikasikia "upande wa mwanamke", nikakata kulia.

Hakimu Mbelgiji aliyepaswa kunisikiliza alipanda ndege kabla ya siku yangu, na faili ikalala. Mwezi uliopita nilikwenda kuiamsha. Makarani walishangaa: mzee mwenye fimbo anadai ahukumiwe! Lakini sitaki kufa nikiwa na kosa hili.

Usiniulize mwanamke alikuwa nani.

Baba yako mkubwa,
Zuberi


Basoko, 11 Machi 1964

Papa Mukubwa mpendwa,

Barua yako imefika inanuka samaki, kwa sababu Alfani mchuuzi aliibeba ndani ya kapu lake la biashara. Tuko wazima. Maji ya Aruwimi yamepanda hadi chini ya jiko letu, na bata wa jirani wanaingia ndani bila hodi. Benoît amepona mguu wake, amerudi kwenye mashua. Mtoto ananyonya vizuri na ana hasira za ukoo wetu.

Bon, Papa Mukubwa: mwanamke! Mstari ule wa kwanza niliusoma nimesimama, nikakaa. Benoît akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia, "Hakuna. Ni Papa Mukubwa, alibeba mwanamke ndani ya motokari." Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Na sisi tulidhani mzee anapenda kamusi tu!" Alikuwa nani? Yule mjane wa fundi cherehani? Marehemu mke wako Mama Fatouma alijua? Umesema nisiulize, lakini mtu hawezi kuweka chungu motoni mbele ya watu halafu akawakataza kunusa.

Utusaidie kwa jambo moja. Mtoto hajapata jina. Tunamwita Bebe, kama wote. Benoît anasema kwao binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake mzaa mama: Émilie. "Mama yako ameshatangulia," ananiambia, "jina lake lisizikwe naye."

Nimekataa. Mama alinisuka nywele jioni ile, tumekaa mlangoni, mpaka umeme ukakatika na giza likatuingiza ndani. Asubuhi nikaamka hayupo. Hakuniamsha. Alipanda boti ya kwenda kwao Isangi bila kugeuza uso, na mwaka haukwisha, homa ikamchukua hukohuko. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, Papa Mukubwa, sikuwa mtoto wa kudanganywa na pipi. Jina la mtu aliyeniacha hivyo sitaweza kuliita kila siku jikoni mwangu, "Émilie njoo, Émilie kula."

Wewe uliyesoma, mwambie Benoît kwamba nina haki.

Nyota wako


Kisangani, 25 Aprili 1964

Mwanangu Nyota,

Nawasalimu nyote, na bata pia. Mwanahamisi amepata jino la dhahabu, sasa anacheka hata pasipo na neno la kuchekesha. Mvua zinanyesha mchana, na maporomoko ya Tshopo yananguruma mpaka nayasikia kitandani kwangu. Au labda ni damu yangu masikioni. Sitofautishi tena.

Kesi imesikilizwa. Nilivaa koti langu la ofisini, lile la miaka ya ukalimani, nikajikuta nimebakiwa na nafasi ndani yake ya kumweka mtu mwingine. Hakimu ni kijana wa huku kwetu, mpole, ana miwani. Karani akasoma: tarehe ishirini na nne Juni 1960, asubuhi, kwenye njia panda ya bandarini, nimekata kulia kinyume cha amri ya polisi, sikusimama kwa filimbi, nikafikiwa bandarini nikiwa peke yangu ndani ya gari.

"Papa, unakubali?" hakimu akauliza.

"Nakubali kukata kona, bwana hakimu. Sikubali kosa."

Nikamweleza habari ya mkono wa mwanamke. Watu waliojaa ukumbini, waliokuja kwa kesi za mbuzi na za talaka, walisahau kesi zao. Polisi mwenyewe alikuwapo. Anaitwa Timothée, mtu wa Yanonge, sasa ana kitambi na nyota begani. Akaruka: "Papa, mbele ya Mungu! Loboko ya mwasi iko kushoto! Hata mutoto ya kunyonya anajua!"

"Mtoto wa kunyonya anajua upande mmoja tu," nikamjibu, "ule wenye maziwa."

Ukumbi ukacheka. Hakimu akagonga meza, lakini niliona miwani yake ikitetemeka. Kisha akaniuliza polepole, "Papa, kazi yako ilikuwa nini?"

"Mkalimani wa serikali, bwana hakimu."

"Wa lugha zipi?"

"Kifaransa. Kiswahili." Nikakohoa kidogo. "Na Lingala."

Hapo hata karani alilaza kichwa juu ya makaratasi. Nikasema kwamba mkalimani anafasiri akiletewa maneno mezani, na asubuhi ile hakuna aliyeniletea kitu. Nilikuwa naendesha kama mtu aliye usingizini, na neno likaingia kwa mlango wa kwanza uliokuwa wazi.

Hakimu akamgeukia Timothée. "Ulimwona huyo mwanamke?"

"Bandarini alikuwa peke yake, mzee."

"Na kwenye njia panda?"

Timothée akaniangalia. Akakaa anaangalia. "Ukungu ilikuwa mingi," akasema.

"Basi, Papa," hakimu akasema, "niletee huyo mwanamke, au jina lake tu. Nikijua alikaa kando yako, nitafuta kosa. Bila yeye, hadithi yako ni tamu tu."

Nilisimama pale nikiwa na jina mdomoni. Nikamwambia nimechoka. Ameahirisha mpaka Agosti.

Kuhusu jina la mtoto, usiharakishe. Nakuomba.

Zuberi


Basoko, 7 Juni 1964

Papa Mukubwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Benoît amenunua wavu mpya. Bebe ameanza kucheka na dari. Anaona huko vitu ambavyo sisi hatuvioni.

Nilimsomea Benoît barua yako, tukafika penye mbuzi na talaka, tukacheka. Kisha nikarudi kusoma tarehe, na kicheko kikaniishia. Wewe uliandika ishirini na nne Juni. Mimi sijui tarehe za serikali, najua sikukuu za mama yangu. Ishirini na nne Juni ni siku ya Mtakatifu Yohane. Siku ile ndiyo niliyoamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa.

Wote mlisema alikwenda bandarini kwa miguu, alfajiri, kama mwizi. Baba alisema hivyo mpaka akafa. Wewe pia ulisema. Ulikaa kwenye kiti cha baraza letu, ukanywa maji niliyokuletea mimi mwenyewe, ukasema, "Labda alikwenda kwa miguu."

Mwanamke wako alikuwa mama yangu.

Sikasiriki. Au nakasirika, lakini nimeiweka hasira kando kwanza kwa sababu nina swali. Katika dunia hii yote ni wewe peke yako uliyebaki, uliyekuwa naye asubuhi ile. Sitaki kujua habari za polisi. Nataka neno moja tu: aligeuka? Alipokuwa anakwenda, alinitaja? Ukiniambia ndiyo, mtoto ataitwa Émilie kesho asubuhi. Ukiniambia hapana, nitanyamaza, na Benoît atanyamaza. Lakini niambie.

Nyota


Kisangani, 2 Julai 1964

Mwanangu,

Mwanahamisi anakusalimu. Hapa watu wanaongea kwa sauti ya chini. Kila msafiri anayetoka upande wa mashariki ana habari yake ya uasi, na hakuna habari mbili zinazofanana. Bei ya chumvi imepanda. Nimevimba miguu.

Ndiyo, alikuwa Émilie. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mdogo wangu na nilimpenda, lakini alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, nawe unajua. Mama yako alikuja kwangu usiku ulipokuwa unakwisha, akasema, "Shemeji, nifikishe kwenye boti." Nikachukua ufunguo.

Ulikuwa mji ambao hujawahi kuuona. Ukungu ulikuwa umefuta nyumba za chini, yamebaki mapaa tu, yanaelea. Mitende ilikuwa imesimama bila miguu. Niliendesha taratibu, nikahisi kwamba si sisi tunaokwenda, ni mji unaotupita. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani, ananukia sabuni ya kipande. Alishika furushi la nguo magotini. Sijawahi tena kuona asubuhi yenye kimya kama ile. Boti ilipolia, sauti yake haikutoka mtoni, ilitoka pande zote.

Alikaa kimya. Ndivyo ninavyokumbuka. Alikuwa mwanamke mwenye heshima.

Mganga mmoja amenishauri ninywe maji ya majani ya mpapai kwa ajili ya miguu. Niandikie kama na ninyi mnayatumia.

Zuberi


Basoko, 24 Julai 1964

Papa Mukubwa,

Tuko wazima. Watu wanazika sahani na cherehani zao. Benoît ameificha mashua kwenye kijito.

Nilikuuliza neno moja, ukaniandikia ukungu.

Mtoto atabatizwa siku ya Watakatifu Wote, kama padri atakuwa bado yupo. Ataitwa Hélène, jina la mama yake Benoît, mwanamke mwema ambaye hajawahi kumwacha mtu. Ukiwa na neno, lilete kabla ya siku hiyo. Ukiwa huna, basi unywe maji yako ya mpapai, na Mungu akupe nafuu.

Nyota


Kisangani, 4 Oktoba 1964

Mwanangu Nyota,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu hii itakukuta Basoko au msituni. Posta imefungwa. Alfani amekubali kuibeba barua hii ndani ya mtumbwi wake, chini ya mikungu ya ndizi. Mwanahamisi mzima, jino la dhahabu amelifunika kwa nta, na amekoma kucheka. Mimi siinuki tena kitandani. Mwanahamisi ananishikia ubao, nami naandika mstari, nalala, naandika mstari.

Mji uko mikononi mwa waasi, vijana wenye majani kichwani. Hakimu wa miwani ameondoka, au ameondolewa, na mahakama iko wazi kwa upepo. Makaratasi yalitembea barabarani wiki nzima. Juzi Mwanahamisi aliniletea karanga zimefungwa ndani ya hukumu ya mtu mwingine. Nilizila nikiisoma. Faili yangu nayo imekwenda huko, labda imefunga mkate wa kwanga wa mtu. Hakuna tena wa kunihukumu, wala wa kunifutia kosa.

Sasa sikia. Mwezi Agosti, walipoanza kuwatafuta watu wa serikali, mtu mmoja aliingia uani kwetu amevaa kanga ya mke wake na kubeba kapu kichwani. Alikuwa Timothée. "Papa," akasema, "ile kesi yetu tuiahirishe kidogo." Tangu siku ile anakaa chumba cha nyuma. Anatwanga lituma ya ndizi vizuri kuliko Mwanahamisi, jambo ambalo Mwanahamisi hajalisamehe. Jioni anakaa kando ya kitanda changu, na kila siku nilimsubiri aseme, naye kila siku alizungumza habari za samaki wa Yanonge.

Jana alisema. Nilikuwa nimesinzia, nikasikia sauti yake kwa mbali, kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Papa, mimi niliona. Ukungu haikuwa mingi vile."

"Uliona nini?"

"Niliona yule mama. Alishika usukani yako na mikono mbili. Mimi napiga kelele loboko ya mwasi, na mwasi mwenyewe anavuta kushoto. Nilisema, leo kazi iko rahisi, hata abiria anasaidia polisi. Halafu wewe ukaniangalia. Mutu hajaelewa haangalii vile, Papa. Ukamtoa mikono, ukakata kulia."

"Kwa nini hukumwambia hakimu?"

"Nilisema, kama mzee anaficha, yeye anajua sababu. Mimi kazi yangu ni barabara tu."

Kisha akaenda kuchochea moto.

Nyota, nimewaza kwa nini nilipigania karatasi ile miaka yote. Watu walidhani ni kiburi cha msomi. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo. Lakini kesi ambayo haijakatwa ni kama ukungu ule: ndani yake nilikuwa bado sijafika kwenye njia panda. Ningeweza bado kuwa mzee aliyekosea neno la Lingala. Nililipenda kosa lile dogo, la kuchekesha. Nililitunza ili lisimame mbele ya lile jingine.

Nilisema kwamba nilimchukua mama yako kwa huruma, na ni kweli, ilikuwapo. Lakini nilikuwa pia nimechoka. Kila jioni kelele za nyumba yenu zilipita ukuta, na msikitini watu waliniangalia kama kaka mkubwa asiyeweza kutuliza nyumba ya mdogo wake. Nilitaka siku moja niamke nisisikie kitu. Kimya kile nilichokusifia katika barua ya Julai ndicho nilichokuwa nakitafuta, nami nilikipata. Sikukuwaza wewe. Nilijiambia boti nyingine ipo, atarudi akitulia. Wiki mbili baadaye askari waliasi, boti zikasimama, na mvua zilipokuja, homa ikaja nazo.

Hakukaa kimya, mwanangu. Nilikudanganya. Tangu tulipotoka nyumbani alikuwa akigeuka kwenye kiti, anaangalia nyuma kupitia kioo ambacho hakikuonyesha chochote, mpaka fundo la kitambaa chake likafunguka. Aliuliza kama umeme umesharudi. Aliuliza kama mlango aliufunga. Tulipofika kwenye njia panda na kuziona glavu nyeupe, alishika usukani.

Andika siku ya Watakatifu Wote jina utakalotaka wewe. Lakini uwe na hili mkononi kabla padri hajainua maji. Polisi alisema kushoto. Mama yako naye alisema kushoto. "Kushoto, shemeji, turudi. Nywele za mtoto nimeziacha nusu, ataamkaje hivyo?" Niliwasikia wote wawili, nikawaelewa wote wawili, nikakata kulia.

Zuberi